Je, babu yangu ndiye aliyemtia mtu kitanzi?

*"Wakili, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mwalimu, kwetu ni Vihiga. Kijana wangu anataka kuoa binti wa familia moja ya kule nyumbani. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri mpaka siku ya mazungumzo ya mahari, mzee mmoja wa upande wa binti aliposimama akasema hawawezi kupokea ng'ombe wetu. Anadai babu yangu alikuwa juri katika korti ya Mzungu kule Kisumu mwaka 1957, na ndiye aliyemtia kitanzi ndugu ya baba yao katika kesi ya mauaji. Babu alifariki nikiwa mdogo. Ninachojua ni kwamba aliitwa mzee wa baraza na alikuwa na koti la kaki alilovaa siku za korti. Baba yangu anasema babu hakuhukumu mtu, alikuwa anakaa tu pale. Nani anasema kweli? Mwingereza aliwapa Waafrika juri? Kama babu alikuwa na kura, angeweza kumwokoa yule mtu? Na mume wangu anasema kwa Katiba ya sasa mtu anaweza kuomba juri kama wale wa sinema. Naomba unieleze polepole."*

Mwalimu, nianze na lile linalokunyima usingizi. Babu yako hakuwa juri, yaani mmoja wa wale raia wa kawaida wanaokaa kortini na kuamua wenyewe kama mshtakiwa ana hatia. Hakuwa na kura, na hakukuwa na neno ambalo angelitamka siku hiyo likamfunga jaji, liwe la kumnyonga yule mtu au la kumwachilia. Hiyo ilikuwa sheria, iliyoandikwa. Lakini baba yako naye amepunguza chumvi mno anaposema mzee alikuwa anakaa tu pale. Babu yako aliulizwa swali mbele ya watu, na alitakiwa kulijibu kwa kinywa chake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ilimweka mahali pa ajabu: asiweze kuamua, na asiweze kunyamaza.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja, maana enzi zile mtu aliweza kuitwa mzee wa korti kwa njia mbili tofauti kabisa. Kulikuwa na mahakama za Waafrika, zilizoanza kama mabaraza ya wenyeji na mwaka 1951 zikawekewa sheria mpya. Humo wazee walikaa wenyewe, wakasikiliza kesi za mashamba, mahari, madeni na matusi, na uamuzi ulikuwa wao, ingawa rufaa iliweza kufika kwa DC, mkuu wa wilaya. Zilidumu mpaka mwaka 1967. Zilikuwa na nguvu kweli. Ukitaka kujua, waulize watu ambao babu zao walipoteza shamba humo. Ila hazikuruhusiwa kugusa kesi ya mauaji. Kwa hiyo kama kesi inayolalamikiwa ilimpeleka mtu kwenye kitanzi, siku hiyo babu yako hakuwa kwenye baraza la wenyeji. Alikuwa ameitwa na Mahakama ya Juu ya koloni, ambayo baada ya Kenya kuwa Jamhuri mwaka 1964 iligeuzwa jina ikawa Mahakama Kuu. Kumbuka jina hilo la zamani, utalihitaji ukianza kutafuta makaratasi.

Kesi yenyewe iliendaje? Ilianzia kwa hakimu, aliyesikiliza ushahidi wa awali na kuona kama unatosha kupelekwa mbele. Kisha ilisubiri kikao cha Mahakama ya Juu. Orodha ya watu wanaofaa kuitwa ilitayarishwa mapema na maofisa wa serikali, na wewe ukifikiri kidogo utajua ni watu wa aina gani walioingia: mzee wa mtaa anayefahamika kwa DC, mwalimu mstaafu, karani, mzee wa kanisa. Wito ulipofika haukuwa mwaliko. Aliyeitwa akakosa kufika bila sababu inayokubalika kisheria alitozwa faini. Nalisisitiza hili kwa sababu katika maneno ya yule mzee wa upande wa binti nasikia kama babu yako alijipeleka. Hakujipeleka.

Waliketi wazee watatu kwa kawaida, pamoja na jaji; hawa ndio walioitwa wazee wa baraza, kazi yao kumshauri jaji. Walisikiliza mashahidi, mara nyingi kupitia mkalimani, na waliweza kuuliza maswali. Lakini hawakusikia kila kitu. Mshtakiwa akikana maelezo aliyodaiwa kuwapa polisi, akisema alipigwa au alitishwa, mawakili na jaji waliendesha kesi ndogo ndani ya ile kubwa ili kuamua kama maelezo hayo yapokewe, na wakati huo wazee walitolewa nje. Walirudi baadaye wakakuta karatasi imeshakubaliwa. Mwishoni jaji aliwafafanulia sheria na kuwakumbusha ushahidi, kisha akawauliza mmoja baada ya mwingine: unaonaje, ana hatia au hana? Kila mmoja alijibu kwa sauti, peke yake, na jibu lake likaandikwa kwenye kumbukumbu ya kesi. Haya hayakuachiwa hiari ya jaji. Mwaka 1942 Baraza la Mfalme kule London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, lilishughulikia kesi ya Mahlikilili Dhalamini kutoka Swaziland, na hukumu ikavunjwa kwa kuwa wazee wa baraza hawakutoa maoni yao hadharani kortini.

Baada ya hapo jaji aliandika hukumu yake, na sheria ilisema waziwazi kwamba hafungwi na maoni ya wazee. Wote watatu wangeweza kusema hana hatia na jaji akamtia hatiani. Alichotarajiwa kufanya ni kueleza kwa nini anatofautiana nao. Na hatia ya mauaji ikishathibitika, adhabu ilikuwa moja tu, kifo, wala jaji mwenyewe hakuwa na nafasi ya kuchagua nyingine. Wazee hawakuulizwa lolote kuhusu adhabu. Kutoka hapo palikuwa na rufaa kwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na baada ya rufaa faili lilifika kwa Gavana, aliyekuwa na uwezo wa kusamehe au kupunguza. Kati ya jibu la babu yako na ile kamba palikuwa na wazungu kadhaa wenye kalamu, na kila mmoja wao alikuwa na uwezo ambao babu yako hakuwa nao.

Sasa swali lako la juri, na hapa, kwa kuwa unakaa Nakuru, nitakaa kidogo.

Juri ilikuwepo Kenya. Ilikuwa ya Wazungu. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alikuwa na haki ya kuamuliwa na juri ya Wazungu wenzake, na uamuzi wa juri, tofauti na maoni ya babu yako, ulimfunga jaji. Mwafrika na Mhindi walipata jaji na wazee wa baraza. Jengo moja, jaji mmoja, mlango ni mmoja, lakini ukiingia rangi yako ndiyo iliyoamua utahukumiwa kwa utaratibu upi. Na upande wa pili wa jambo hilo ndio uliouma zaidi: Mwafrika akiuawa na Mzungu, waliokaa kusema kama ni mauaji au si mauaji walikuwa majirani wa muuaji, watu wenye mashamba kama lake na wafanyakazi kama yule marehemu.

Eneo lako lina kesi mbili ambazo kila mwanafunzi wa sheria wa Kenya angepaswa kuzijua. Galbraith Cole alikuwa mfugaji mkubwa wa kondoo pale Elmenteita, shemeji ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi. Mwaka 1911 alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kuwa mwizi wa kondoo, mtu akafa. Juri ya Wazungu ikamwachilia. Serikali iliona aibu kiasi kwamba ilimfukuza nchini mwaka huohuo kwa amri ya utawala, kwa sababu kwa njia ya mahakama ilikuwa imeshashindwa. Fikiria hilo: koloni lenyewe halikuiamini juri yake.

Kesi ya pili ni ya mwaka 1923. Kitosh alikuwa mfanyakazi katika shamba la mlowezi Jasper Abraham huko Molo. Kosa lake ni kwamba alimpanda farasi jike badala ya kumwongoza kwa miguu. Alichapwa, akafungwa kwa kamba ndani ya stoo, na usiku huo akafa. Kesi ilisikilizwa Nakuru mbele ya juri ya Wazungu. Pakatolewa ushahidi wa madaktari kwamba marehemu alikuwa na nia ya kufa, na kwamba nia hiyo ilichangia kifo chake. Soma sentensi hiyo tena, Mwalimu, kisha ukumbuke kwamba ilisemwa chini ya kiapo na wasomi. Juri ilikataa kumtia Abraham hatiani kwa kuua. Ikasema ni kosa la kumuumiza mtu vibaya, akafungwa miaka 2.

Kesi ya Kitosh ilizua kelele mpaka London. Ni mojawapo ya mambo yaliyoisukuma Wizara ya Makoloni kuziondoa sheria za jinai za Kihindi zilizokuwa zikitumika hapa na kuleta mpya mwaka 1930, ikiwemo ile Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, tunayoitumia mpaka leo na viraka vyake. Lakini juri ya rangi haikuguswa. Ilibaki palepale, na Mwafrika akabaki na wazee wa baraza.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna juri ya Wazungu iliyomtia Mzungu hatiani kwa kumuua Mwafrika. Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge huko Nairobi mwaka 1959, baada ya marehemu kuwatupia mawe mbwa wake, na alinyongwa Agosti 1960. Alikuwa Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Hiyo ilikuwa miaka 3 kabla ya uhuru, upepo umeshageuka na kila mtu anajua umegeuka.

Kwa nini basi Mwafrika alinyimwa juri? Sababu zilizotolewa unaweza kuzikisia: hajui sheria, hajui Kiingereza, atampendelea mtu wa kabila lake, ataogopa wachawi, bado hayuko tayari. Mimi sababu hizi huzipima kwa kuangalia Mwingereza huyohuyo alifanya nini kwingine. Kisiwani Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1811, zaidi ya miaka 80 kabla ya bendera yake kupandishwa hapa kwetu, jaji mkuu Alexander Johnston aliwafungulia wenyeji haki ya kukaa kwenye juri, kila mtu akihukumiwa na watu wa jamii yake. Watu wale hawakuwa wamesomea sheria. Johnston aliamini kwamba mtu akipewa kazi ya kutoa haki ataheshimu haki, na alipenda kutaja kwamba wenye watumwa waliokuwa kwenye orodha za juri walikubaliana wenyewe kwamba watoto wote watakaozaliwa na watumwa wao baada ya tarehe 12 Agosti 1816 wawe huru. Unaweza kuona hapo mtawala anayejisifu, nami naona hivyo kidogo, lakini utaratibu ulifanya kazi. Uhindini, sheria ya mwaka 1826 iliwaruhusu Wahindi kukaa kwenye juri katika miji mikuu ya Kampuni ya Uhindi Mashariki, iliyotawala kule kwa niaba ya Mwingereza, ingawa mwanzoni Mkristo hakuweza kuhukumiwa na wasio Wakristo. Afrika Magharibi, Waafrika wa Gold Coast walikaa kwenye juri chini ya Mwingereza, na Ghana ya leo bado inayo, watu 7 katika kesi nzito.

Kwa hiyo "hawako tayari" haikuwa habari kuhusu akili ya babu yako. Tofauti ilikuwa walowezi. Gold Coast haikuwa na jamii ya wakulima Wazungu waliotaka ardhi na vibarua. Kenya ilikuwa nayo, na juri ya Waafrika ingeleta hatari mbili ambazo walowezi hawakuwa tayari kuzivumilia: siku moja ingemhukumu Mzungu, na siku nyingine ingekataa kumfunga Mwafrika ambaye serikali inataka afungwe. Na ile hoja ya kupendeleana kikabila? Waliothibitisha kwamba juri hupendelea watu wake ni Wazungu wa Molo na Elmenteita.

Kitu alichopewa babu yako mahali pa juri kina ukoo wake. Mwaka 1832 serikali ya Bengal ilitunga kanuni iliyomruhusu jaji Mzungu kusaidiwa na wenyeji, wawe wazee wachache wa kumshauri au juri, lakini neno la mwisho likabaki la jaji peke yake. Wazo hilo likaingia katika sheria ya mwenendo wa jinai ya Uhindi ya mwaka 1861, na Mwingereza alipohitaji sheria za haraka kwa Afrika Mashariki mwaka 1897, alizibeba zile za Uhindi akazishusha hapa zima zima. Kwenu Nyanza wakati huo hata si Kenya, bado ni sehemu ya Uganda, mpaka mwaka 1902. Alichokipenda mtawala katika utaratibu huu ni rahisi kukiona. Jaji mgeni anapata mtu wa kumwambia mila zinasemaje, tusi lile lina uzito gani kwa Wamaragoli, mtu akimwita mwenzake mchawi anatarajia nini. Na korti inapata sura za wenyeji mbele ya wenyeji. Maarifa yao yalitakiwa. Mamlaka yao hapana.

Kinachonisikitisha ni kwamba wazee wetu walijua kuamua kesi kwa mashauriano muda mrefu kabla ya haya. Wajaluo walikuwa na doho, Wanandi na Wakipsigis kokwet, na kwenu wazee wa ukoo walikaa mpaka jambo likaisha. Mtu aliyezoea kusema mpaka wote wakubaliane aliwekwa kwenye kiti ambapo husema mara moja, kisha Mzungu huandika anachotaka.

Je, juri ingemwokoa yule ndugu wa mkweo mtarajiwa? Nisikudanganye, mwaka 1957 juri ya Waafrika isingekuwa dawa. Wajumbe wake wangetoka kwenye orodha ileile ya DC. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa, na hata nje ya Mkoa wa Kati watu walijua gharama ya kuonekana unampinga mkuu wa serikali. Tazama kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, huko Nyeri, Novemba 1956: jaji mkuu aliketi na wazee wa baraza watatu, Waafrika, na wote watatu walisema ana hatia. Alinyongwa Februari 1957. Ukiwauliza watu leo wale wazee walikuwa na uhuru gani, utapata majibu mengi. Katika kesi za Mau Mau watu 1,090 walinyongwa, na wazee wa baraza waliketi katika nyingi ya kesi hizo. Na pale serikali ilipotaka isisumbuliwe hata na sura za wenyeji, iliweza kupanga kesi isiyo na wazee kabisa: Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake walihukumiwa na hakimu mmoja, Ransley Thacker, peke yake.

Hata hivyo tofauti moja ingebaki. Juri ikigoma, mtu hanyongwi. Mzee wa baraza akigoma, jaji anaongeza aya moja kwenye hukumu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kumbebesha babu yako damu ya mtu yule ni kumpa mamlaka ambayo Mwingereza alihakikisha hana. Na ndiyo maana pia siwezi kukubaliana na baba yako. Kama mzee alisema "ana hatia", neno lake liliingia kwenye kumbukumbu na likamrahisishia jaji kazi, pengine likarahisisha na kazi ya Gavana. Kama alisema "hana hatia", alifanya jambo la ujasiri ambalo familia zote mbili hazilijui.

Na hilo linaweza kujulikana. Maoni ya kila mzee yaliandikwa, na jina lake. Mafaili ya kesi za kifo za enzi ya ukoloni yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, jengo lile la Moi Avenue, Nairobi. Hifadhi hiyo ina vituo pia Nakuru, Kisumu na Kakamega, kwa hiyo anza karibu yako uulize nini kiko wapi kabla ya kutumia nauli. Hapa barua yangu haikutoshi, nenda mwenyewe. Beba jina kamili la aliyenyongwa, jina la baba yake, lokesheni, na mwaka. Tafuta kwa jina la mshtakiwa, si la babu yako, kwa sababu faili lilifunguliwa kwa jina la mshtakiwa. Kisumu wakati huo ilikuwa makao ya Mkoa wa Nyanza na Vihiga ilihesabiwa ndani ya North Nyanza, hivyo usitafute Vihiga kwenye orodha. Usishangae ukikuta kwamba aliyeitwa siku hiyo si babu yako. Wazee waliokuwa kwenye orodha walikuwa wengi, na mtu aliyevaa koti la kaki kwenda korti anaweza kubebeshwa kesi zote za korti ile.

Kuhusu mume wako, mwambie kwa upole kwamba sinema imemdanganya. Juri ya Wazungu haikuvuka uhuru. Waafrika hawakuirithi. Wazee wa baraza ndio tuliowarithi, nao wakaendelea kukaa Mahakama Kuu kwa miongo kadhaa, mpaka Bunge lilipowaondoa mwaka 2007. Kesi zilizokuwa zimeanza kabla ya hapo zilimalizika nao, na mojawapo inaturudisha kwa majirani zako wa Elmenteita: Tom Cholmondeley, kitukuu wa yule Lord Delamere, alishtakiwa kwa kumuua Robert Njoya mwaka 2006 katika shamba la Soysambu. Mwaka 2009 wazee wa baraza wawili walisema hana hatia ya mauaji. Jaji Muga Apondi hakufungwa nao, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumpa miezi 8. Utaratibu uleule uliomfanya babu yako asiweze kumwokoa Mwafrika ulifanya wazee wasiweze kumwachilia kitukuu wa mlowezi. Kila nikiifikiria kesi hiyo nashindwa kuwalilia sana wazee wa baraza, ingawa najua wenzangu wengi wa zamani wanaowakosa.

Katiba ya 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki nyingi, ila juri haimo. Kesi ya mauaji leo inasikilizwa na jaji peke yake. Anayeshtakiwa kwa mauaji na hana uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya sasa katika kesi ya Muruatetu, mwaka 2017, kifo si adhabu ya lazima. Kama kuna mtu wa familia mwenye kesi halisi na ndiyo sababu mume wako anauliza, asitegemee majibu ya kusoma kama haya. Aende kwa wakili wiki hii, na akishahukumiwa ajue kwamba muda wa kukata rufaa ni mfupi, siku 14. Mahali ambapo raia amerudishiwa nafasi kidogo ni Ibara ya 159, inayozitambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na sera ya mwaka 2020 ya mifumo mbadala ya haki. Humo wazee wanasuluhisha kweli, lakini mambo ya kifo hubaki kwa Mahakama Kuu.

Limebaki la mahari, na hilo mimi si mtu wake. Sheria haina dai lolote dhidi yenu kwa neno alilosema babu kortini mwaka 1957. Lakini yule mzee aliyesimama hakuwa anafungua kesi. Familia yao ilipoteza mtu, na inawezekana hata mwili hawakuupata, kwa sababu walionyongwa kwa kawaida walizikwa gerezani. Usimjibu kwa vifungu vya sheria nilivyokuandikia. Wapeleke wazee wa ukoo wenu kwa wazee wao, wakae bila vijana na bila mambo ya ng'ombe kwanza, na kama palikuwa na desturi ya kusafisha jambo la namna hii kwenu, wao ndio wataijua. Ukilipata faili, usilitume kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nendeni nalo pamoja, mtu mmoja wa upande wenu na mmoja wa upande wao, na msome maoni ya wazee wote watatu, pamoja na aya ile ambayo jaji anaeleza alichofanya nayo. Hukumu nyingi za wakati huo zimepigwa chapa, lakini maelezo ya ushahidi mara nyingi ni mwandiko wa jaji mwenyewe na ni mgumu kusomeka. Mkikwama, pigeni picha kurasa hizo mniletee.